Neno Moja kwa Kiangazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia mjomba wangu anyamaze akiwa chini ya kisima. Baadaye nilifanya mengine, na nimeyaweka yote kichwani kwa mpangilio, lakini hilo ndilo lililoyazaa, kwa hiyo afadhali nilitaje kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni mtu wa kurudia. Kazi yangu hapa Isiolo ni kurekodi: matangazo ya maduka, kasida za harusi, sauti ya mwenye mbuzi wa kuuza anayetaka kutangaziwa kwa spika ya pikipiki. Sikuisomea kazi hii. Nilijifunza kwa simu, kwa kufungua spika mbovu na kuzifunga tena, na kwa kinanda kimoja cha mtumba ambacho vitufe vyake viwili havilii. Kwa kuwa sikusomea, kila siku nahisi kuna mtu ataingia kibandani na kuniuliza nani alinipa ruhusa. Ndiyo maana narudia. Kuna muuza magodoro niliyemfanya aseme "njoo ulale kama sultani" tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka akaniambia, "Kijana, sasa hata mimi mwenyewe sitaki kulala."

Siku moja nilisoma kwenye simu kwamba huko ng'ambo, ndani ya kanisa la zamani, kuna kinanda kinachopiga wimbo mmoja polepole kiasi kwamba mlio mmoja hushikiliwa kwa miezi, hata miaka, kabla ya kubadilika. Waliouanza hawatausikia ukiisha, wala watoto wao. Ikifika siku ya kubadilisha mlio, watu husafiri kutoka mbali, wakasimama, wakasikiliza sauti moja ikigeuka kuwa nyingine, kisha wakarudi makwao. Niliisoma habari hiyo mara tatu, halafu nikamsomea mama. Alikuwa ameketi mlangoni pale kwetu Chechelesi, anachambua mchele.

"Kwani hiyo si kama ya kina abuya wako?" akasema bila kuinua macho.

Abuya ndivyo sisi Waborana tunavyomwita kaka wa mama. Na kweli, ilikuwa kama ya kwao. Nilikuwa naijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuihesabu kuwa muziki.

Kisima cha ukoo wa mama kiko nje ya Biliqo, ndani ya mchanga wa laga, yaani mto usio na maji ila siku za mvua. Mvua zikinyesha, mafuriko hukijaza mchanga mpaka usijue kilipokuwa. Kiangazi kikianza, wanaume hukifukua upya. Pampu ipo kijijini, lakini maji yake yana chumvi, na ng'ombe huyanusa wakageuza shingo. Kisima kikishafukuliwa, watu wanne hujipanga ndani yake, mmoja juu ya mwingine, kwenye vidato vilivyochongwa ukutani. Wa chini kabisa husimama majini. Huchota kwa dumu lililokatwa, hulirusha kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, hadi maji yamwagwe kwenye hori la udongo wanamonywea ng'ombe. Huyo wa chini ndiye anayeimba. Walio juu humwitikia, na kila kiitikio ni dumu moja.

Nyimbo za kisima ziko kote kwetu. Lakini familia ya mama ina jambo lake peke yake. Kila kiangazi, dumu la kwanza likishapanda, aliye chini huingiza neno moja jipya kwenye wimbo, kitu kilichotokea tangu kiangazi kilichopita. Neno hilo huimbwa pamoja na la mwaka uliotangulia, hayo mawili tu, msimu mzima. Kiangazi kingine kikifika, la zamani huachwa na jipya lingine huingia. Wimbo haurudi nyuma. Hakuna aliyewahi kuusikia wote, na hakuna anayejua mwanzo wake. Maneno yaliyoachwa hubaki kuwa majina ya miaka. Mama alizaliwa mwaka wa Kupe. Mimi ni wa mwaka wa Lori, kwa sababu mwaka huo lori lilikwama kwenye laga na watu wakashinda siku mbili wakilisukuma.

"Wao wanashikilia mlio, sisi tunashikilia neno," mama akasema. "Tofauti ni kwamba sisi hatuna viti vya wageni."

Kuanzia hapo sikutulia. Abuya alikuwa ameshazeeka, na watoto wake wote ni mabinti. Kwa desturi ya kwao, nafasi ya mwimbaji hurithiwa na mtoto wake wa kiume au mtoto wa dada yake. Mtoto wa dada aliyebaki karibu ni mimi. Nikaanza kuona jinsi wimbo uliopita vichwa vyote hivyo utakavyoishia kwangu, kwa sababu sikufanya kitu. Nikaamua kuurekodi, tena vizuri, kuliko kitu chochote nilichowahi kurekodi. Kiangazi kilipoanza, nilipanda lori la mbuzi lililokuwa likirudi Merti tupu, na kutoka hapo nikafika Biliqo.

Asubuhi ya kufungua kisima nililala kifudifudi ukingoni, vipokea sauti masikioni, kipaza sauti nimekivika soksi ili kisishike upepo. Binti mkubwa wa abuya, binamu yangu, ndiye aliyesimama juu kabisa kumwagia ng'ombe maji.

"Bwana Studio," akaniambia, "hiyo soksi umeifua? Usije ukaturushia harufu kwenye redio."

Wanaume waliokuwa wakishuka walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiangalia mstari wa sauti kwenye simu.

Abuya akaanza. Neno la zamani lilikuwa Chumvi, mwaka pampu ya kijijini ilipowekwa. Aliliimba, juu wakaitikia. Halafu akaingiza jipya, Fisi, na hapo hapo upepo ukapita juu ya laga, ukanikwaruza masikioni kama mtu anayeburuta bati. Neno lenyewe, ambalo halitakuja kuimbwa tena kwa mara ya kwanza, likapotea ndani ya huo mkwaruzo. Sikufikiri. Niliinama kisimani nikapiga kelele kama ninavyompigia muuza magodoro:

"Abuya, chalisi! Nyamaza, tuanze upya!"

Chalisi ni kunyamaza kwa Kiborana. Abuya akanyamaza.

Kile ambacho sikukijua, na ambacho kila mtu pale alikijua tangu alipojifunza kutembea, ni kwamba ukiwa juu humwoni aliye chini. Unamsikia tu. Kuta ni mchanga. Wimbo ukikatika, hakuna anayeuliza sababu. Unatupa ulichoshika na unakimbilia kumvuta. Ndivyo walivyofanya. Binamu aliachilia dumu likaangukia hori, ukingo wa hori ukavunjika, maji yakamwagika, na ng'ombe waliokuwa wakingoja zamu wakaingia wote kwa pamoja. Watu wawili walikimbilia ukingoni nilipolala, na kwa uzito wao, pamoja na wangu, kipande cha ukingo kikakatika na kumwangukia abuya. Ukuta uliokuwa mzima ukaanguka kwa sababu yangu.

Walimtoa akitema mchanga. Ndevu zake zilikuwa zimejaa. Alikaa chini, akapangusa macho, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani alisema chalisi?"

Nikainua mkono. Simu ilikuwa mkononi humo humo, na bado inarekodi.

"Alitaka tuanze upya," binamu akamwambia baba yake. "Aba, hebu rudi chini ufukiwe tena, mara ya kwanza upepo uliingia."

Walicheka, lakini cheko la watu walioogopa. Siku hiyo ng'ombe hawakunywa. Hori lilijengwa upya jioni, nikikanyaga udongo pamoja nao, na hakuna aliyenisemesha isipokuwa kuniambia niongeze maji. Kesho yake abuya alishuka tena, akaimba msimu mzima kama kawaida. Mimi nilikuwa nimesharudi Isiolo.

Miezi michache baadaye akaanza kukohoa. Alipozidiwa, alikuja mjini kwa ajili ya hospitali, akakaa kwetu. Daktari alisema ni kifua cha siku nyingi, vumbi na moshi na umri. Mimi nilimsikiliza daktari nikatikisa kichwa kukubali, na sikuamini hata neno moja. Kila abuya alipokohoa chumba cha pili nilisikia ukingo ukikatika. Nilihesabu kila kikohozi na kukiandika daftarini. Mama akanikuta nikihesabu, akanipokonya daftari.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, nikidhani narekebisha la kwanza. Nilikuwa na rekodi ya Chumvi, safi, kabla ya upepo. Abuya akiwa pale kwetu, nilimwomba aniimbie maneno mengine, moja moja, sebuleni, milango imefungwa, na akaniimbia kwa moyo mweupe. Nikatafuta spika isiyoingia maji, sola ndogo, betri. Nikapanga viitikio vyote kwa vipimo sawa. Kazi hiyo ilinichukua wiki kadhaa, na nasema kweli, haikuwa na kasoro. Ingewekwa ukingoni mwa kisima, na kila kiangazi mtu angebonyeza kitufe neno likabadilika. Sote tungekufa na wimbo ungeendelea. Kama kile kinanda cha kanisani.

Nilimwonyesha alasiri moja akiwa anasikiliza mpira kwenye redio. Alipunguza redio, lakini hakuizima. Nikabonyeza. Sauti yake ikajaa sebule.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, abuya."

"Nina sauti nzuri hivi? Mbona miaka yote hamkuniambia?" Alifurahi kweli. Akasikiliza tena, akipiga goti kwa kidole. Kisha akauliza, "Sasa hii, ukuta ukianguka, inanyamaza?"

"Hapana," nikasema kwa majivuno. "Hainyamazi kabisa. Ndiyo uzuri wake."

"Kwa hiyo mimi nimefunikwa na mchanga huko chini."

Nikapunguza sauti ya spika.

"Yenyewe inaimba. Na binti yangu yuko juu anaitikia."

Aliniangalia kidogo, si kwa hasira, akanyoosha mkono akaongeza redio. Timu yake ilikuwa imeshafungwa bao wakati tunazungumza, na hilo ndilo alilonilaumu.

Nilibaki nimeishika ile spika mapajani mpaka mchezo ukaisha. Nilijaribu kutafuta jibu. Nilifikiria kuweka kifaa cha kuhisi mtikisiko, kizime sauti mchanga ukisogea. Nilifikiria hilo kwa dakika nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Kiangazi kilipokaribia, abuya alikuwa amepata nafuu, lakini hakuweza kupanda ngazi bila kusimama katikati. Akaniita tukinywa chai.

"Mwaka huu utaingia wewe."

"Mimi sijui kuimba, abuya."

"Najua. Nakusikia ukioga."

"Na neno?"

"Chalisi."

Nikanyamaza. Nilidhani ananiambia nisizidi kuuliza. Mama alicheka mpaka chai ikampalia. "Hilo ndilo neno lenyewe," akasema. "Hebu niambie, kuna jambo gani kubwa lililotupata mwaka huu kuliko hilo?"

Niliomba. Nilimkumbusha kwamba pampu iliharibika tena, kwa nini mwaka usiitwe Pampu. Abuya akasema pampu huharibika kila mwaka, watoto wote wataitwa Pampu. Nilimkumbusha kwamba binamu amejifungua. Akasema ndiyo, mtoto wa kike, na huyo mtoto ni wa mwaka wa Chalisi, tayari watu wanamwita hivyo, na kwa jinsi anavyolia jina limekuwa mzaha kijijini kote. Nikaelewa kwamba kosa langu limeshatoka mikononi mwangu. Mtoto huyo atazeeka, ataulizwa na wajukuu wake alizaliwa lini, atajibu, na watataka kujua sababu. Matangazo yangu yote ya magodoro yatakuwa yamesahaulika. Kitakachobaki ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyemnyamazisha mtu kisimani.

Nilifanya mazoezi ya neno hilo kwa wiki nzima. Nililipiga kwenye kinanda, nikatafuta mlio aliokuwa akianzia abuya, nikaukosa kwa sababu unaangukia kitufe kimojawapo kisicholia, nikautafuta kwa mdomo. Jirani alibisha mlango kuniuliza kama kuna mgonjwa.

Chini ya kisima ni baridi. Hilo sikulitegemea. Maji yalinifika mapajani, na mbingu ilikuwa duara dogo lililokatwa na miguu ya watu. Punje za mchanga zilikuwa zikishuka ukutani, chache, bila haraka, na kila punje nilidhani ndiyo ya kwanza ya nyingi. Abuya alikuwa juu, ameketi kwenye dumu zima na blanketi begani. Alikuwa amekatazwa hata kusogelea ukingo. Binamu alikuwa mahali pake. Mtoto alikuwa amemwachia shangazi, na nilimsikia akilia kwa mbali.

Nikachota. Nikaimba Fisi, neno la zamani, na likatoka. Juu wakaitikia, dumu likapanda. Nikachota la pili, nikaingiza Chalisi, na mara lilipoanza kutoka nikajua nimelianza chini mno. Si kidogo, chini kiasi cha kumfanya mtu ageuze kichwa. Na nikafanya kile nilichozoea maisha yangu yote. Nikasimama ili nianze upya.

Kimya kile kilikuwa kifupi, lakini nilikisikia kikipanda kidato kwa kidato. Nikasikia dumu likidondoka. Nikasikia mguu ukigeuka kwenye mchanga juu ya kichwa changu, na punje zikaongezeka.

"Niko!" nikapiga kelele. "Niko hai! Msisogee! Niko!"

Miguu ikasimama.

"Sasa mbona umenyamaza?" Ilikuwa sauti ya binamu.

"Nimekosea!"

"Umekosea nini? Umeumia?"

"Sauti! Nimeanza chini sana!"

Kisha nikasikia kikohozi cha abuya, kile ninachokijua vizuri kuliko mtu yeyote, na ndani yake kulikuwa na kicheko.

"Imba hivyo hivyo, wewe!" akapaza sauti kutoka kwenye blanketi lake. "Ng'ombe wana kiu!"

"Wallahi nikishuka huko," binamu akaongeza, "nitakupandisha hiyo sauti kwa fimbo."

Nikaimba hivyo hivyo. Lilikuwa chini mno, na kwa kuwa nililianza hapo, walioitikia walilazimika kunifuata hapo, na ng'ombe wakanywa. Baada ya madumu kadhaa mikono iliniuma kuliko aibu. Nilijaribu kusikiliza kama naboresha nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nasikiliza mchanga. Kwa siku zote nilizokaa huko, Chalisi liliimbwa katika mlio ule mbaya, na alipokuja mwanamume mwingine wa ukoo kunipokea, naye aliimba hapo hapo, akidhani ndivyo abuya alivyotaka. Hakuna aliyemsahihisha. Nilikaa kwenye mchanga nikimsikiliza akirudia kosa langu kwa uangalifu mkubwa.

Jioni ya siku ya kwanza abuya hakuniuliza lolote kuhusu sauti. Aliniuliza ukuta wa upande wa mashariki umekaaje, kama unatoa unyevu. Nikamwambia unatoa kidogo. Akasema kesho uegemezwe miti. Mazungumzo yetu yalikuwa hayo.

Tangu hapo kimepita kiangazi kingine. Niliingia tena, na neno jipya niliachiwa nilichague mimi. Nililibadilisha mara kumi na moja njiani, mwishowe nikaimba Punda, kwa sababu punda wa jirani alitumbukia kwenye kisima cha watu wengine na kutoka mwenyewe. Chalisi liliimbwa kando yake kwa msimu huo wa mwisho, kisha likaachwa. Mtoto wa binamu sasa anatembea na bado anaitwa kwa mwaka wake. Abuya bado anakohoa, nami sihesabu tena. Ile spika niko nayo kibandani, kinyozi wa jirani huiazima siku za Ijumaa kwa kasida. Kazini bado narudia, na wateja bado wananilalamikia. Ila nikiwa chini ya kisima, nikikosea, sisimami.